TAHADHARI: Fundi wa boila anayeuza bodi zilizotumika na kuziba bomba la usalama

Ndugu zangu wenye boila za gesi nyumbani, yaani mashine za kupasha maji na kuyazungusha kwenye redieta, vile vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba joto, nawaomba msome hii, hasa kama hivi karibuni mmeletewa fundi akasema bodi, yaani sakiti ya umeme inayoiendesha mashine, imeungua na kwa bahati anayo nyingine kwenye gari. Nimepigwa. Hela ningeweza kuzisamehe, lakini alichokifanya ukutani kwangu kingeweza kuumiza watu, na siwezi kunyamaza.

Shida yangu ilikuwa hivi. Asubuhi nakuta boila imejizima, mshale wa geji ya presha ya maji uko karibu na 0. Nafungua koki ya kujazia maji, napandisha hadi bari 1.3 (bari ni kipimo cha presha), boila inawaka vizuri. Redieta zikishapata moto mshale unakimbia hadi karibu 3. Ikipoa, unarudi chini kabisa. Na nje, kwenye kile kibomba cha shaba kinachotokeza ukutani, kulikuwa na michirizi ya maji. Yote haya nilimweleza kwenye simu. Fundi anayejua kazi akisikia maelezo hayo, tayari anajua pa kuanzia.

Huyu hakuuliza kitu. Alifungua kifuniko, hakutoa kipimo hata kimoja kwenye begi, na dakika tano hazijaisha akasema: "Dada, bodi imekufa. Hii ndiyo akili ya mashine, ikishaharibika inasoma presha ovyo." Akaongeza kwamba bodi za aina hii ni adimu, anayo moja tu, na kuna mteja mwingine anaisubiri. Nyumba ilikuwa baridi, watoto wamevaa makoti ndani. Nikakubali. Alipomaliza aliondoka na bodi yangu ya zamani, akisema atanisaidia kuitupa.

Siku zilizofuata boila haikujizima tena, nikaamini imepona. Ila asubuhi geji ilisoma 2, mara nyingine 2.5, wakati mashine imepoa. Nilipompigia alinijibu kwamba presha kubwa ndiyo nzuri, joto linafika mbali. Uongo. Mfumo wa kawaida wa nyumbani ukiwa baridi hukaa kati ya bari 1 na 1.5, na ukipata moto hupanda kidogo tu. Kibomba cha nje nacho kilikuwa sasa kinadondosha maji mchana na usiku. Nikamwita tena. Alikaa nje kama robo saa, akarudi ananiambia amekaza, haitavuja tena. Kweli haikuvuja. Baada ya siku mbili mshale ulipita alama nyekundu ukaganda mwisho wa geji, na redieta ya chumbani ikaanza kutoa maji kwenye maungio.

Nilizima boila na kutafuta fundi mwingine. Alikuja mzee mmoja, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Geji inasoma ngapi ikiwa baridi, na ngapi ikiwa moto?" Kisha akaenda moja kwa moja kwenye koki ya kujazia, akaniita nione. Ilikuwa imeachwa wazi kidogo sana, upana wa ukucha. Yaani yule bwana hakutibu chochote. Aliacha maji yaingie taratibu saa zote ili mshale usishuke na mimi nione mashine imepona. Tukatoka nje. Ncha ya kibomba ilikuwa imefungwa kwa kizibo cha chuma na kukazwa kwa spana.

Kile kibomba ndicho njia ya kutokea ya valvu ya usalama. Boila nyingi za nyumbani valvu hiyo hufunguka presha ikifika bari 3, ili maji yatoke nje badala ya kupasua kitu ndani. Boila ina vidhibiti vingine vya joto, sawa, lakini hii ndiyo kinga ya mwisho. Vile vikishindwa na hii imezibwa, presha haina pa kwenda. Hakuna sababu yoyote duniani ya fundi kuiziba. Kibomba kikidondosha, kinatoa habari: ama presha imezidi, ama valvu yenyewe haifungi sawasawa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Ndani ya boila, au pembeni yake, kuna tangi la kupanukia. Katikati lina ngozi ya mpira: upande mmoja maji ya mfumo, upande wa pili hewa. Maji yakipashwa kutoka baridi hadi nyuzi 70 huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 2, kwa hiyo mfumo wa lita 100 unahitaji nafasi ya kama lita 2 zaidi. Maji hayabonyei; hewa ndiyo inayobonyea na kuwapisha. Hewa ikiisha ndani ya tangi, presha hupanda hadi valvu ifunguke na kumwaga maji, na mfumo ukipoa maji hayatoshi tena, geji inalala chini. Ndicho hasa nilichomweleza yule tapeli siku ya kwanza.

Mzee alizima mashine, akaiacha ipoe, akatoa presha yote ya maji, kisha akabonyeza kipini cha tangi, kinachofanana na cha tairi la gari. Halikutoka kitu, si hewa, si maji. Yangetoka maji, aliniambia, ingekuwa ngozi imepasuka na tangi lingebadilishwa. Akajaza hewa kwa pampu ya mkono hadi kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha tangi, bari 0.75, akaweka valvu mpya ya usalama kwa kuwa ile ya zamani ilishaingia uchafu, akajaza maji, akafunga koki kabisa.

Mwisho akaitazama bodi niliyouziwa. Matundu ya skrubu yalikuwa na mikwaruzo, vumbi la zamani limeganda pembeni, na kibandiko cha namba ya spea kimekwanguliwa. Ilikuwa imetumika. Sasa fikirini: bodi yangu haikuwa na tatizo, na ameondoka nayo. Naamini atamfungia mtu mwingine akimwambia ni mpya. Kwa hiyo spea ya zamani msiiache iondoke. Mwambieni aiweke mezani pamoja na boksi la ile mpya, mlinganishe namba kabla hajafunga skrubu hata moja.

Mtindo wake ni kuuza bodi kwa kila dalili, kwa sababu mteja hawezi kuikagua. Boila ikigoma kuwaka, kabla ya bodi kuna gesi yenyewe, kuna kijiti cha cheche, kuna lile bomba la plastiki la kutolea maji ya moshi uliopoa, ambalo likiziba au kuganda kwa barafu mashine hugoma huku ikigugumia. Maji ya bomba yakiwa moto na redieta baridi, mara nyingi ni valvu ya kugawa njia imekwama. Bodi huharibika, sikatai, hasa ikidondokewa na maji, lakini fundi wa kweli atakuonyesha kwa kipimo kwamba umeme unaingia na hautoki.

Jambo moja msinielewe vibaya. Fundi yeyote, hata mliyemtilia shaka, akisema gesi inavuja au moshi unaingia ndani, zimeni boila na mtoke kwanza, kisha mtafute maoni ya pili. Mwali wa njano, masizi kwenye kifuniko, watu wa nyumba nzima kuumwa kichwa na kichefuchefu: hizo ni dalili za kaboni monoksaidi, nayo haina harufu.

Jina lake siliweki hapa kwa kuwa nimeshalipeleka kwa wanaotoa leseni za mafundi wa gesi. Ila kama mmewahi kufungiwa bodi na fundi wa namna hii, nendeni sasa hivi nje mkaangalie ncha ya kile kibomba cha shaba. Mkikuta kizibo, zimeni boila, msikitoe wenyewe ikiwa ya moto, na msiiwashe hadi fundi mwenye leseni ameiona.