Magofu ya Tongoni: makaburi ya nguzo ya kuendea na macho ya fundi

Tongoni iko kusini mwa jiji la Tanga, chini kidogo ya kilomita 20, kando ya barabara ya pwani iendayo Pangani. Daladala yoyote ya Pangani inakufikisha. Mwambie kondakta mapema akushushe kwenye njia panda ya magofu, kwani kibao chake ni rahisi kupitwa. Kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu kuelekea baharini.

Utakuta gofu la msikiti na makaburi yapatayo 40, zaidi ya 20 kati yake ya nguzo, yaani yaliyojengewa nguzo ya mawe iliyosimama juu ya kaburi. Hakuna mahali pengine katika pwani yetu penye makaburi ya nguzo mengi namna hii pamoja. Mji wenyewe ulistawi katika karne ya 14 na 15, na Wareno waliujua kwa jina la Mtangata. Aprili 1498 merikebu ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu karibu na hapa. Walipokuwa wakirudi Januari 1499, mabaharia wakiwa wamepukutika kwa maradhi, waliichoma moto papo hapo.

Nguzo nyingi zimeanguka, na wageni wengi husikitika. Sisi tunaona hapo ndipo thamani ya Tongoni ilipo. Nguzo iliyosimama inaonyesha lipu tu; iliyovunjika inakufunulia kazi ya fundi. Kiini ni mawe magumu ya matumbawe ya nchi kavu, yaliyopangwa ovyo na kushikwa kwa chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la kuni, kisha kuyazima kwa maji na kuchanganya na mchanga. Pembe, fremu na nakshi zilihitaji tumbawe laini lililotolewa baharini: huchongwa likiwa bichi, kwa sababu likikauka huwa gumu. Tafuta pia vishimo vya mviringo: ndimo zilimokaa bakuli za kaure kutoka ng'ambo. Zimeng'olewa, na aliyeng'oa bakuli mara nyingi alibomoa na lipu iliyolizunguka. Anayetaka kujua nguzo yenye bakuli ilivyopendeza aende Kunduchi, Dar es Salaam.

Uharibifu unaendelea, na ukijua sababu utauona mwenyewe. Lipu ikipasuka, maji ya mvua huingia kwenye kiini na kulainisha chokaa. Mizizi hufuata unyevu huo na kupanua ufa. Chumvi ya bahari nayo hukauka chini ya lipu na kuibandua kwa magamba. Kuziba nyufa kwa saruji huzidisha madhara: saruji haipumui kama chokaa, hivyo maji hunaswa ndani na jiwe laini humomonyoka pembeni mwa kiraka. Ukarabati wowote wa makaburi haya ufanywe kwa chokaa, hata kama ni kazi ya pole pole.

Nenda asubuhi. Makaburi yamelazwa mashariki na magharibi, kwa kuwa kibla huku ni kaskazini, kwa hiyo jua la asubuhi hutokeza vivuli kwenye nakshi za upande wa mashariki. Saa sita mchana nakshi zilizochakaa hazionekani kabisa. Epuka Machi hadi Mei. Wakati wa masika majani hufunika kuta fupi na utajikwaa. Vaa viatu vilivyofunika vidole, beba maji, na usipande juu ya ukuta wala kuegemea nguzo. Usikwangue kuvu ili upige picha nzuri. Uso wa jiwe hutoka nao. Haya ni makaburi ya Waislamu, basi vaa kwa stara na usikalie kaburi.

Upungufu mkubwa ni maelezo: mgeni asiyejua atatoka ameona mawe tu. Wenye watoto au wanaokuja mara ya kwanza waanzie Kaole, Bagamoyo, penye jumba dogo la makumbusho. Mwenye hamu ya ujenzi, fundi uashi au mwanafunzi wa historia, aje Tongoni na atenge saa mbili nzima.