Tina ya kurekebisha mikwaruzo ya gari nyumbani: ipi ya kununua

Ukiingia duka la rangi za magari Kariakoo au Gerezani ukaomba "tina" tu, yaani kimiminika cha kulainishia rangi, usishangae ukipimiwa ile ya kawaida, ya NC (ya rangi za nitroselulosi), kwenye chupa ya maji iliyotumika. Bei yake nafuu na brashi inazisafisha vizuri. Iishie hapo hapo.

Gari nyingi tulizonazo zina bezi, yaani tabaka lenye rangi, na juu yake kliya, tabaka angavu la kung'arisha. Kliya hiyo ni ya 2K, yaani ya sehemu mbili: inakomazwa kwa kuchanganywa na hadina. Tina ya NC kwa kawaida ina alkoholi, na alkoholi huila hadina kabla haijashikana na kliya. Wiki inapita, ukikandamiza ukucha bado alama inabaki, na mng'ao haupo. Isitoshe, tina hiyo inaruka, yaani inageuka mvuke, upesi mno. Ikiruka inaupoza uso wa rangi, na kwa joto la unyevu la Dar, Tanga au Mombasa, mvuke wa hewa unatua juu yake. Gari jeusi linaota ukungu mweupe, halafu lawama anabebeshwa aliyechanganya rangi.

Tapentaini ni ya rangi za mafuta, zile za mageti na madirisha. Ukiitia kwenye bezi ya akriliki, rangi inakatika na kufanya chembechembe. Petroli haifai kabisa.

Inayostahili hela yako ni tina ya 2K, kwenye kopo lililofungwa kiwandani. Huwa kuna ya haraka, ya wastani na ya taratibu. Joto likizidi nyuzi 25 chukua ya taratibu, maana inaipa rangi muda wa kujilaza na alama za brashi zinapotea. Ubaya wake ni ujazo: lita nzima, wakati mkwaruzo mmoja hauli hata mililita 10. Bora mchangie watu wawili watatu. Kama muuzaji anakupimia, dondoshea tone kwenye kioo kisafi: likikauka likaacha utando wa mafuta, limechakachuliwa.

Kabla ya kununua chochote, pitisha ukucha kwenye mkwaruzo. Usiponasa, tatizo liko juu ya kliya tu, na kompaundi (dawa ya kung'arishia yenye mchanga laini) inatosha. Ukinasa, osha, kausha, futa grisi, kisha piga msasa wa maji namba 1500 ndani ya mkwaruzo na pembeni kidogo tu. Chuma kikionekana, paka praima (rangi ya msingi) kwanza, la sivyo kutu itachipuka chini ya rangi mpya.

Rangi ichanganywe kwa namba iliyo kwenye kibati cha gari. Kwa Toyota tafuta palipoandikwa C/TR. Namba 040 nyeupe ni rahisi. 070 ni nyeupe ya lulu yenye tabaka tatu, na kwa brashi haitafanana hata ubembeleze vipi. Hiyo mpelekee fundi.

Kwa brashi, mililita 20 za bezi zinataka mililita 2 hadi 4 za tina. (Ile nusu kwa nusu wanayosema mafundi ni ya bunduki ya kupulizia.) Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na ulitupe baada ya hapo, kwa kuwa mpira wake unavimba. Paka nyembamba mara mbili au tatu, dakika 15 hadi 20 kati ya mkono na mkono. Ukipaka nene, juu panakauka, tina inabaki chini, na baadaye rangi inazama au inatoa vitundu. Kliya: mililita 10 kwa hadina 5, tina isizidi 1, ila maelekezo ya kopo yakisema tofauti fuata hayo. Iache siku kadhaa ndipo upige msasa 2000 na kompaundi.

Fanyia kazi nje, vaa glavu za nitrili, mbali na jiko. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa hadina. Tina iliyobaki isikae kwenye chupa ya maji ambayo mtoto anaweza kuinywa. Na ikimwagikia taa ya gari, usiisugue. Ifyonze kwa kitambaa na usuuze kwa maji ya sabuni haraka, kwani plastiki ile hupasuka nyufa ndogondogo zisizotoka kwa polishi.