Waendesha baiskeli, tulipie jimu au tusilipie? Twende ndani nikuonyeshe hela inaenda wapi

Wadau wa baiskeli mambo vipi, karibuni tena kwenye chaneli. Leo sina baiskeli mezani, sina helmeti, sina tairi, leo nachambua kitu mlichoniuliza sana kwenye komenti hasa tangu masika yaanze kutufungia ndani. Kaka mimi naendesha kila wiki, kilomita ninazo, jimu nikalipie ya nini? Na wengine mmeshalipia tayari mnataka kujua kama ile hela inarudi miguuni. Jibu ninalo, ila jibu lenyewe limekaa kwenye kifaa kimoja tu, ndiyo maana nimekuja na kamera mpaka humu ndani. Uongozi wameniruhusu kurekodi mchana huu watu wakiwa wachache, nawashukuru sana.

Tredmili mnazijua, vioo mnavijua, AC mnazijua, sitapita kote. Bei hapa ni elfu 80 kwa mwezi, ukija siku moja moja ni elfu 10, halafu kuna ada ya kujiunga elfu 30 na hiyo ada tutaongea baadaye maana inaniudhi kweli.

Tuanze na hii hapa. Hii baiskeli ya ndani. Jimu yoyote ya Dar ukiingia ukasema tu mimi ni mtu wa baiskeli, huku ndiko wanakokuleta, oh kaka tuna baiskeli mpya, tuna darasa la jioni na muziki. Haya, angalieni siti, pana hii, nene, ukikaa muda mrefu mapaja yanasugua pembeni. Viatu vyetu vya kubana kwenye pedeli hapa havina pa kushika. Sasa subiri, sogeza kamera chini kwenye pedeli, naongeza kasi... naongeza... naacha kukanyaga. Unaona? Miguu yangu bado inazunguka! Lile gurudumu zito la mbele limeunganishwa moja kwa moja na pedeli, kwa hiyo likishashika kasi ndilo linaloburuta miguu yako, hakuna ile tiki tiki tiki ya kuachia kama baiskeli yako ukiteremka. Na hii nobu ya kukaza haina namba hata moja, leo nimekaza hivi, kesho kaja mtu mwingine kalegeza, keshokutwa narudi, najuaje nimefanya kazi zaidi au nimefanya pungufu? Sijui. Unatoka jasho tu. Halafu jasho lenyewe, barabarani upepo unakupoza bure, humu feni iko kule ukutani inampuliza mtu wa tredmili.

Kwa hiyo kama unalipia elfu 80 kwa ajili ya kukaa juu ya hii kitu, usilipie. Amka saa 11 alfajiri, pita daraja la Tanzanite kabla magari hayajajaa, zunguka Masaki, rudi nyumbani oga nenda kazini. Ingawa masika haya kiukweli, kuna wiki Bagamoyo Road mvua haikatiki na madimbwi huoni shimo liko wapi na daladala haikuoni wewe, wiki kama hiyo dakika 40 za humu ni bora kuliko kukaa kwenye kochi. Sawa, hilo nakubali, ila peke yake haliwezi kuwa sababu ya kulipia mwezi mzima.

Sababu iko huku. Njooni, njooni na kamera. Hiki hapa. Raki ya skwati, yaani ya kuchuchumaa na kusimama ukiwa na uzito mgongoni, na hii fimbo ndefu ya chuma. Mimi nikitoka kazini na foleni yote ile ya Mwenge, nakuja kwa ajili ya hiki, aisee nakipenda hiki kifaa!

Nisikilizeni kidogo. Ukiendesha saa moja, miguu ikizunguka mara 90 kwa dakika, mguu mmoja umekanyaga mara 5,400. Mara elfu tano na mia nne, na kila mkanyago nguvu yake ni ndogo tu. Sasa mtu anatoka kwenye hiyo saa yake anakuja jimu anachukua uzito mwepesi anapiga mara 50, mara 60, anasema najenga stamina. Ndugu yangu hiyo stamina unayo, umeikanyaga mara 5,400 asubuhi! Kile ambacho baiskeli haikupi ni nguvu kubwa kwa mara chache, mguu usukume kitu kizito mara nne, tano, sita, uweke chini. Na hiyo ndiyo iko hapa.

Haya, naonyesha, na naenda polepole kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia migongo halafu wanasingizia vyuma. Cha kwanza hizi kulabu mbili, ziweke usawa wa kifua, usiweke juu mpaka usimame kwa vidole vya miguu kuitoa fimbo. Cha pili, na hiki msikiache hata siku moja, hivi vyuma vya pembeni vya kuzuia, vipandishe viwe chini kidogo ya pale utakapofika ukichuchumaa, ili ukishindwa unaiachia fimbo inatua hapo wewe unatoka mzima. Fimbo yenyewe tupu ni kilo 20, usiidharau, anza nayo hivyo hivyo. Mimi leo nimeweka sahani ya 20 kila upande, jumla 60.

Naingia chini. Fimbo haikai shingoni, inakaa hapa kwenye nyama ya juu ya mgongo, unaona? Mikono imebana, kifua kimejaa hewa. Hatua mbili nyuma, miguu upana wa mabega, vidole vimetazama nje kidogo. Sasa makalio yanaanza kurudi nyuma ndipo magoti yanakunja, na goti linafuata uelekeo wa vidole, lisiingie ndani, wengi wetu waendesha baiskeli goti linaingia ndani hapa hapa, angalieni kwenye vioo vyenu. Nashuka taratibu... goti likifika nyuzi 90 hivi inatosha kabisa... napanda kwa kasi! Tena. Taratibu chini... haraka juu! Mnaona tofauti ya mwendo? Kushuka natumia muda, kupanda nalipuka. Narudisha fimbo. Halafu napumzika dakika mbili mpaka tatu, na hapo usione aibu kukaa, usiruke kamba, usishike simu ukasahau ikawa robo saa. Mapumziko ni sehemu ya kazi.

Hii habari haijatoka kichwani kwangu. Kuna mtafiti wa Norway anaitwa Bent Rønnestad, huyu bwana amewapima waendesha baiskeli wazuri kwa miaka mingi. Kwenye utafiti wao mmoja kundi moja waliendelea na baiskeli tu, kundi jingine wakaongeza vyuma vizito mara mbili kwa wiki kwa wiki 12. Halafu wote wakaendeshwa dakika 185, zaidi ya saa tatu hizo, na mwisho wakaambiwa toeni kila kitu kilichobaki kwa dakika 5. Waliobeba vyuma nguvu yao kwenye zile dakika 5 ilikuwa imepanda kama asilimia 7, wale wengine walibaki palepale. Sasa jiulize wewe zile dakika 5 kwako ni wapi? Kwangu mimi ni kile kipande cha kutoka Pugu kupandisha Kisarawe wakati miguu imeshachoka na kundi linakatika vipande viwili, hapo ndipo utajua uko kipande cha mbele au cha nyuma.

Najua mtaandika kwenye komenti, kaka vyuma vitaninenepesha nitakuwa mzito mlimani. Kwenye hizo tafiti za wiki 12 paja liliongezeka nyama kidogo lakini uzito wa mwili haukupanda, kwa sababu hapo hapo unaendesha masaa mengi. Mlioangalia mashindano ya dunia Kigali Septemba 2025, jamani kile kipando cha barabara ya mawe cha Kimihurura, kilomita 267 na kupanda juu zaidi ya mita 5,000, Pogačar akaondoka mapema kabisa akashinda, aisee siku ile sikutoka mbele ya skrini, na kwamba mashindano ya dunia ya barabarani yamekuja Afrika kwa mara ya kwanza na yakaja hapa kwa jirani zetu bado nafurahi mpaka leo... nilikuwa nasema nini? Ndiyo, wembamba. Wale mnaowaona wembamba vile, timu zao kubwa za Ulaya zinawaingiza kwenye vyuma, hasa kipindi cha baridi kule kwao kabla msimu haujaanza.

Na kuna mifupa. Hili silisikii likisemwa na wenzetu. Baiskeli inakubeba, mifupa haipati mshindo kama mtu anayekimbia, na wapimaji wamekuta waendesha baiskeli wengi wa ushindani mifupa ya kiuno chao ni hafifu kuliko inavyotakiwa kwa watu wenye afya kama wao. Vyuma vizito vinaipa mifupa kazi. Kaka zangu mliopita 40, dada zangu pia, hili peke yake lingetosha kunitoa nyumbani.

Sasa hesabu ya hela, twende pamoja. Kipindi cha kujenga ni miezi mitatu, mara mbili kwa wiki, sawa na mara 8 kwa mwezi. Elfu 80 gawanya kwa 8 ni elfu 10 kwa siku, bei ile ile ya mlangoni! Kwa hiyo ukija mara mbili tu kwa wiki, kulipia mwezi hakukuokolei hata shilingi, na bado ada ya kujiunga iko juu yako. Ukija mara tatu ndiyo unaanza kupata faida. Halafu ukishajenga, huyo huyo Rønnestad alikuta mara moja kwa wiki inatosha kulinda ile nguvu wakati wa msimu, na mara moja kwa wiki ni elfu 40 kwa mwezi ukilipa mlangoni. Nusu! Sasa nauliza hawa wanaotoa ofa ya mwaka mzima, lipia mwaka tukupe miezi miwili bure, mwendesha baiskeli anaipeleka wapi hiyo miezi? Juni mpaka Oktoba barabara kavu, upepo mzuri, tuko Kigamboni, tuko Bagamoyo, nani atakuwa humu ndani? Na hiyo ada ya kujiunga, elfu 30 ya nini, nimewauliza wakanijibu ni ya usajili, usajili wenyewe ni jina na namba ya simu kwenye daftari. Waambie waiondoe. Wengi wanaiondoa ukikomaa nao, hasa mwisho wa mwezi.

Nikiangalia hivyo, mimi nilikuja hapa nikiwa na nia ya kuwaambia lipieni miezi mitatu ya masika, Machi, Aprili, Mei, basi. Ila kadiri ninavyopiga hizi hesabu mbele yenu naona hata hiyo miezi mitatu ni kwa mtu wa mara tatu kwa wiki, au mtu anayejijua kabisa kwamba asipolipa mapema haji. Wengine wote lipeni mlangoni.

Na kuna wapinzani wawili siwezi kuwaruka. Wa kwanza ni ile mashine ya kufungia baiskeli yako nyumbani na kuendesha kwenye Zwift, ile programu ya kuendesha baiskeli kwenye skrini. Nzuri, naipenda, siti yako mwenyewe, namba unaziona, lakini programu peke yake ni dola 19.99 kwa mwezi, hiyo ni karibu elfu 50, mashine yenyewe hujanunua, na umeme ukikatika umebaki gizani. Halafu nguvu nzito haikupi, inakupa zile zile 5,400.

Wa pili ni jimu ya mtaani. Hapa nina heshima kubwa. Kuna moja karibu na kwangu, uani kwa fundi wa kuchomelea, raki ameichomelea mwenyewe kwa mabomba ya mraba, fimbo ni ekseli ya gari, uzito ni gia za magari na makopo ya rangi yaliyojazwa zege, buku kwa siku. Buku! Mara mbili kwa wiki ni elfu 8 kwa mwezi. Kasoro yake kubwa ni kwamba kopo la kushoto na la kulia hayalingani, unaona fimbo inalalia upande mmoja, na kwa mtu anayebeba uzito mkubwa huo ni mgongo. Dawa ni kuyapeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu, wana mizani, pima kila kopo andika kilo juu yake kwa rangi. Fundi wetu tumemwambia akakubali, sasa yana namba. Na vile vyuma vya kuzuia pembeni hana, kwa hiyo pale siendi uzito wa kunishinda. Akivichomelea, sikufichi, hii elfu 80 yangu inahama.

Kabla ya kulipa popote, nendeni muda ule ule ambao mtakuwa mnaenda, saa 12 jioni mpaka saa 2 usiku, msiende saa 5 asubuhi mkaonyeshwa ukumbi mtupu, huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Angalia raki ni ngapi. Nyingi zina moja. Na angalia kama kuna mtu kasimama ndani ya raki anafanya mazoezi ya mikono, kazi ambayo angeifanyia popote pale, na nyuma yake foleni ya watu watatu. Ukikuta hivyo, bei iwe ndogo vipi, ondoka.

Na siku ya vyuma iwekeni siku ile ile ya mazoezi makali ya baiskeli, baiskeli kwanza, vyuma baadaye, msiweke Ijumaa kisha Jumamosi mje kwenye msafara wa Bagamoyo miguu imekufa. Wiki mbili za kwanza mtashuka ngazi kwa kushika ukuta, kawaida, itapita.

Wiki ijayo nina tairi zisizo na tyubu na ile dawa ya kuziba pancha, nimezipitisha kwenye misumari kweli, usikose, gonga kengele, tunaikaribia elfu 10 ya watu waliosabskraibu, nitatoa seti moja ya tairi kwa mmoja wenu. Niandikie hapo chini jimu ya mtaani kwako wanatoza bei gani na kama raki ina vyuma vya kuzuia. Mimi nina seti mbili za skwati zimebaki, naongeza kilo 10 kila upande, zima kamera uje unishikie.