ThrottleStop kwenye laptopu yangu ya harusi: wiki sita za kuipunguzia prosesa umeme

Chumba ninachofanyia kazi kiko Pasua, kimeezekwa bati na hakina dari. Anayeijua Moshi ya Januari ameshanielewa. Mlima unauona pale juu na barafu yake, huku chini jasho linakutiririka mpaka kwenye kibodi.

Nahariri video za harusi, sendofu na kipaimara. Laptopu niliinunua Arusha, mtumba, ina prosesa ya Intel Core i7-8750H, ile ya mwaka 2018 yenye viini 6. Ukianza kurenda, yaani kuitoa video iliyokamilika, feni ilikuwa inalia kama ndege inayoondoka KIA. Nikaweka HWiNFO, programu ya kusoma joto na kasi ya mashine, nione kinachoendelea: nyuzi 97, dakika nyingine 99, na kasi imeshuka hadi 2.4 GHz, wakati kwenye makaratasi prosesa hii inafika 4.1. Hizi prosesa zikikaribia nyuzi 100 zinajipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Yaani nilikuwa nimelipia farasi, nalimia punda.

Fundi mmoja wa mjini aliiwasha, akasikiliza sekunde tano, akasema, "Kaka, feni imekufa hiyo. Laki na ishirini nakubadilishia." Feni iliyokufa inanipuliziaje upepo wa moto mkononi? Nikarudi nayo nyumbani, nikafungua mfuniko wa chini mwenyewe. Vumbi lilikuwa limejenga blanketi kwenye mapezi ya shaba. Brashi ya rangi, pesti mpya ya prosesa, nusu saa. Joto likashuka hadi nyuzi 92 na kasi ikapanda hadi 2.8. Kama hujapiga brashi, usihangaike kwanza na haya ninayoyaeleza hapa chini.

ThrottleStop ni programu ya bure ya Kevin Glynn. Haiinstoliwi, unafungua folda unaibofya. Sura yake ni mbaya, niseme ukweli: vibofyo vidogo vidogo vimebanana, vifupisho kila kona, hakuna anayekushika mkono. Lakini ndani yake kuna kitufe cha FIVR, kinachofungua dirisha la mipangilio ya volti, na hapo ndipo unapozipunguza.

Kwa nini ipungue? Kiwanda kinaiwekea kila prosesa volti za ziada, ili hata ile dhaifu kwenye kundi isikwame. Ni kama fundi cherehani anayeshona sare za shule: anakata kubwa, mtoto yeyote aivae. Yangu ilikuwa inaelea ndani ya sare. Na umeme unaoliwa na prosesa unakwenda na kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo ukitoka volti 1.05 hadi 0.94, kwa kasi ileile, umeshaokoa karibu moja ya tano ya umeme unaotumika kwenye kazi. Umeme huo ndio joto.

Nilianza na milivolti 50 chini, CPU Core (viini) na CPU Cache (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) namba sawa. Kisha 80, kisha 100. Kila hatua naendesha Cinebench R23, programu ya kuipima prosesa kwa kazi nzito, dakika 10 huku macho yangu yakiwa kwenye HWiNFO. Kuna sehemu ya kuchagua volti zisihifadhiwe. Iache hivyo wakati unajaribu, maana mashine ikizima, ukiiwasha inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Kupunguza volti hakuunguzi prosesa. Kinachoweza kupotea ni kazi yako.

Na yangu ilipotea. Tamaa ilinipeleka hadi 125. Cinebench ikapita, kipaimara kizima kikarenda bila shida, nikajiona mtaalamu. Usiku wa saa nne, mashine haina kazi yoyote nzito, naandika tu majina ya wasimamizi kwenye video ya harusi, skrini ya bluu. Dakika 20 za kuhariri zimekwenda. Baadaye ndipo nikaelewa: kazi nyepesi inaifanya prosesa iruke juu chini, kasi kubwa sekunde hii, ndogo sekunde ile, na huko kwenye kurukaruka volti zikiwa finyu inajikwaa. Kufaulu mtihani mzito hakutoshi. Kaa nayo siku tatu nne kwa kazi zako za kawaida. Nimerudi 110, wiki ya sita hii haijaniangusha.

Kuna jambo lilinishangaza. Baada ya kupunguza volti, joto lilishuka nyuzi mbili tu. Nikadhani nimekosea. Kumbe kasi ilikuwa imepanda hadi 3.3: prosesa ina kikomo chake cha wati 45, ukiiokolea umeme inautumia huohuo kukimbia zaidi. Kama unachotaka ni ubaridi na utulivu, lazima uishike na kamba. Humohumo kwenye FIVR nimeifungia isizidi 3.1, na sasa narenda kwa nyuzi 79 hadi 81. Video iliyokuwa inachukua saa 1 na dakika 25 inatoka kwa saa 1 na dakika 6.

Usiipakue kabla hujajua hili. Desemba 2019 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Birmingham, walitangaza udhaifu ulioitwa Plundervolt, wa kuchezea volti ili kuvuruga sehemu ya siri ya prosesa za Intel. Masasisho ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) yaliyofuata yalifunga mlango huo kwenye mashine nyingi, na nyingi mpya zinatoka kiwandani zimeshafungwa. Ukiona neno Locked kwenye dirisha la FIVR, ndiyo hiyo. Yangu ilikuwa na BIOS ya zamani. Nimeiacha hivyohivyo, najua nabeba hatari kidogo.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya ile sura, na kwa sababu ilibidi niiwekee mwenyewe ratiba ya kujiwasha kila Windows inapoanza.

Jumamosi alikuja mama mmoja wa Rau kuchukua flashi ya harusi ya binti yake. Nilishamwambia "njoo kesho" mara mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo mashine mbona leo kimya? Imezimika?"

Nikamwambia inarenda, imebaki robo saa. Hakujibu. Akavuta kiti, akaweka mkoba mapajani, akakaa kuiangalia ile asilimia mpaka ikafika mia.