Vifaa vya kujengea: kidogo kidogo au kwa mkupuo?
Jamani mnaojenga Pemba, mie nnavyoona kununua kidogo kidogo kunafaa kwa matofali, maana tofali likikaa uani hata miezi 6 haliharibiki, na pesa ikishakuwa tofali huwezi tena kuila. Lakini saruji usithubutu! Mie niliweka mifuko 10 sakafuni, masika yakaingia, Machi mpaka Mei unyevu tu, kuja kufungua ndani jiwe, nagonga kwa nyundo linatoa vumbi, roho iliniuma wallahi. Saruji nunua kwa mkupuo fundi akiwa ashafika, na gari ya kuitoa bandarini Mkoani mpaka Chake Chake unalipa mara moja. Tabu yake pesa ikikaa ndani shida haziishi, mie sasa pesa namwekesha mama.