Geant4 kwa anayetaka kubuni kigunduzi cha gama: maoni yangu nikiwa Mtwara

Wadau wa fizikia wa huku kusini, hii programu ya Geant4 ichukueni, inaigiza kwenye kompyuta jinsi mionzi na chembe zinavyopita ndani ya mata. Naitumia hapa Mtwara mjini kwenye laptopu ya kawaida kabisa, ni ya bure, CERN, ile maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, ni mmoja wa wanaoitengeneza, ipo tangu 1998, na ukishaiweka kwenye mashine haikudai tena intaneti, kwa sisi wa kununua bando hilo ni jambo kubwa mno.

Mimi napenda vigunduzi vya zenoni na agoni, gesi zilizopozwa hadi zikawa kimiminika. Mionzi ya gama ikigonga zenoni inatoka mimweko ya mwanga na wewe unaihesabu kwa sensa za mwanga, wenzetu wa maabara ya PSI kule Uswisi wana tangi la lita kama 900 la kunasa gama zenye nishati ya MeV 52.8 (MeV ni kipimo cha nishati, moja ni keV 1,000). Sasa zenoni ni ghali na lazima ikae kwenye baridi ya kama nyuzi -108 za Selsiasi, huku kwetu utaipata wapi, kwa hiyo maabara yangu ndo hii programu.

Kilichonifurahisha zaidi: mata zote mbili, zenoni na agoni, zimo tayari ndani, unabadilisha jina moja tu kwenye kodi unaona tofauti. Nilirusha gama za sizi 137 (cesium yenye mionzi), zile za keV 662: kwenye agoni, nyingi zikagonga elektroni zikaacha nishati kidogo zikatoka nje, nikaweka zenoni ukubwa uleule zikamezwa nzima nyingi zaidi, maana zenoni ina protoni 54 na agoni 18, na uzito wake kwa ujazo ni kama mara mbili. Kwenye kitabu nilisoma ila kuona mistari ya njia za gama inakatika kwenye skrini ni kitu kingine kabisa.

Ila kuna pa kuangalia sana. Ule mfano wa LXe (zenoni ya kimiminika) unaokuja na programu umewekewa fotoni, yaani chembe za mwanga, 12,000 kwa kila MeV wakati vipimo halisi vya zenoni vinazidi 40,000, mfano ni wa kujifunzia, mtu asichukue zile namba akaandikia ripoti. Pia programu haijui kama zenoni yako ina maji au oksijeni, ambavyo vinakula ule mwanga wa nanomita 175, umbali wa mwanga kufyonzwa unauandika mwenyewe. Ukienda agoni mwanga ni nanomita 128, sensa nyingi haziuoni, inabidi uweke na tabaka la TPB, kemikali ya kuubadilisha uwe mwanga unaoonekana na sensa.

Kuikompaili (kuijenga kutoka kwenye kodi yake) kwenye mashine ndogo kunachukua masaa, ianzisheni siku umeme uko vizuri, na mafaili ya data yanazidi GB 1 kwa hiyo mmoja adaundolodi wengine mgawane kwa flashi. Naipa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeitoa kwa sababu kuanzia toleo la 11 majina ya mipangilio ya mwanga yamebadilishwa na mafunzo mengi ya zamani yanagoma, ukikuta jina FASTTIMECONSTANT kwenye kodi weka SCINTILLATIONTIMECONSTANT1 itaendelea.