Kununua Mbao Katika Msitu wa Kijiji Wilayani Kilwa: Tathmini ya Fundi Seremala

Mafundi wengi wa Lindi mjini wanajua njia ya mkato ya kupata mninga: simu inapigwa usiku, mzigo unashushwa kabla ya alfajiri, na hakuna anayeuliza umetoka wapi. Mimi nilipewa oda ya meza za ofisi na mteja ambaye alitaka kuona nyaraka za mbao kabla ya kulipa malipo ya awali, hivyo nikaamua kununua moja kwa moja kutoka kijiji kimoja wilayani Kilwa chenye msitu wake wa hifadhi. Ninachokipima hapa ni huduma hiyo nzima, tangu maombi hadi mbao kufika karakana.

Kwa asiyefahamu, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ikisomwa pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inakiruhusu kijiji kutenga msitu ulio katika ardhi yake, kuuandalia mpango wa usimamizi na sheria ndogo, kisha kuuza mazao yake na kubaki na mapato bila Serikali Kuu kudai mrabaha. Kilwa imetangulia katika jambo hili. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, vikisaidiwa na MCDI, shirika la uhifadhi wa misitu lenye makao yake Kilwa Masoko, vilikuwa vya kwanza barani Afrika kuwa na msitu wa asili wa jamii chini ya cheti cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, cheti ambacho wanunuzi wa nje hukitambua kama uthibitisho kwamba mti umevunwa kwa utaratibu.

Upande wa kijiji sina budi kuusifu. Bei ya kila aina ya mti kwa mita ya ujazo ilikuwa imebandikwa ukutani katika ofisi ya mtendaji, na malipo yalifanyika benki, si mkononi. Wajumbe wa kamati ya maliasili walinipeleka msituni wenyewe, wakiwa na utepe, rangi na daftari. Kila mti niliouchagua ulizungushiwa utepe kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, kisha kipimo kikalinganishwa na jedwali la unene wa chini unaoruhusiwa kuvunwa, lililo mwishoni mwa daftari. Mninga mmoja ulionyooka vizuri, ambao tayari nilikuwa nimeuhesabu moyoni kuwa wangu, ulikataliwa. “Huu bado, fundi,” alisema mama aliyeshika daftari, akafunga kalamu na kuendelea na safari. Mti mwingine, mkongo, ulikataliwa kwa sababu ulisimama karibu mno na kijito. Miti iliyokubaliwa ilipewa namba, na baada ya kukatwa, nyundo yenye alama iligongwa kwenye gogo na kwenye kisiki, ili mkaguzi yeyote akitilia shaka gogo aweze kulifuata hadi kwenye kisiki chake. Utaratibu huu ni rahisi kueleweka hata kwa asiyesoma, na ndio hasa ninaoulipia.

Tatizo liko nje ya kijiji. Maombi ya uvunaji hupelekwa kwenye kamati ya uvunaji ya wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya, na mnunuzi hutakiwa pia kuwa na usajili wa mfanyabiashara wa mazao ya misitu, unaohuishwa kila mwaka. Sipingi hatua hizo. Msitu usio na mlango huisha. Ninachokilalamikia ni kwamba katika ofisi moja niliyopitia hakuna aliyeweza kuniambia kikao kijacho ni lini, na jalada langu lilikaa mezani kwa wiki kadhaa likisubiri saini ya mtu aliyekuwa safarini. Kijiji nacho kilikuwa kikisubiri malipo yangu. Laiti tarehe za vikao zingebandikwa ukutani kama kijiji kilivyobandika bei zake, nusu ya kero hii ingekwisha.

Usafirishaji ulikwenda vizuri. Hati ya kusafirishia ilitaja idadi ya vipande, vipimo na njia ya kupita, na kwenye kizuizi cha maliasili mkaguzi alihesabu mbao chache, akalinganisha alama, akaturuhusu.

Kuhusu bei, mbao hizi zilinigharimu zaidi ya zile za usiku, hasa kwa sababu ya nauli za kufuatilia kibali. Ubora wake, hata hivyo, ni wa juu: zilipasuliwa kwa mashine ya kuhamishika badala ya msumeno wa mkono, unene wake ulilingana, na kazi ya randa ilipungua sana. Kwa fundi mwenye oda ndogo ya kitanda kimoja, njia hii ni nzito mno, na ingefaa mafundi kadhaa waungane na kuomba kwa pamoja. Kwa mwenye oda kubwa au mteja wa taasisi, ninaipendekeza bila kusita, ila maombi yaanze mapema ili magogo yatoke kabla ya masika kufunga barabara za porini. Na siku ya kupakia, gari liondoke asubuhi, ili mzigo usikutwe njiani gizani.